Lenzi Hutazamwa kwa Jicho Moja

Wiki iliyopita kijana mmoja, mwalimu mpya wa fizikia katika shule iliyo karibu na kwangu hapa Usagara, mjini Tanga, alikuja kunitembelea uso ameukunja. Baada ya shikamoo hata kukaa hakutaka.

"Mama, kesho naanza mada ya lenzi. Nimefungua kabati la maabara, nimekuta maboksi ya lenzi yamejaa mende, lenzi zenyewe hamna hata moja. Ukuzaji nitaufundishaje?"

Nikamwambia akae kwanza. Kisha nikamtuma jikoni aniletee bilauri ya maji. Nikachora mshale kwenye karatasi, nikauweka nyuma ya bilauri, karibu kabisa na kioo. Mshale ukanenepa. Nikaurudisha nyuma polepole, ukavurugika, ukapotea, halafu ukatokea tena umegeuka, uliokuwa ukielekea Ngamiani sasa unaelekea baharini. Yule kijana, na digrii yake, akaangua kicheko kama mtoto wa chekechea, akaniomba nirudie.

Tulikaa mpaka magharibi. Alipoondoka nikajiambia, yapo mengi ambayo sikumwambia, na mko wengine wengi kama yeye mnaoshika chaki sasa hivi. Basi haya ni yenu, wanangu. Someni mkiwa na nafasi.

Nianze na neno lenyewe. Mwanafunzi akisikia "ukuzaji" anadhani lazima kitu kiongezeke. Siku mtakapowapa swali ambalo jibu lake ni nusu, watagoma. "Mwalimu, taswira imekuwa ndogo, mbona tunaita ukuzaji?" Mimi nilikuwa nawajibu kwa mfano wa muuza kahawa wa Ngamiani. Alikuwa mfupi, birika lake karibu liburuze chini, na mji mzima ukimwita Twiga. Jina ni jina. Ukitaka kujua kimo cha mtu, mpime. Ukuzaji ni kipimo tu cha taswira ukilinganisha na kitu chenyewe: urefu wa taswira gawanya kwa urefu wa kitu, au umbali wa taswira kutoka kwenye lenzi gawanya kwa umbali wa kitu. Jibu likizidi moja, taswira imekua. Likija chini ya moja, imesinyaa. Hamna ugomvi.

Hayo sikuyatoa kichwani mwangu. Nilifundishwa na Mwalimu Bonifasi, aliyekuwa mkuu wa idara yetu nilipoanza kazi. Baba yake alitoka Songea akaja kukata mkonge, naye akazaliwa kambini, huko upande wa Muheza, akasomeshwa na mapadre. Alikuwa mrefu, mwembamba, na akichora miale ya mwanga ubaoni alikuwa anapiga mluzi wa nyimbo za kanisani. Wanafunzi wa Kiislamu wakaishia kuzijua tenzi zote za Krismasi bila kukusudia.

Mwalimu Bonifasi alikuwa na sheria moja: kabla hujashika kalamu, bashiri. Kitu kiko wapi? Kiko mbali na lenzi au karibu? Taswira itakuwa kubwa au ndogo? Itasimama au itapinduka? Sema kwanza, ndipo uhesabu. Alikuwa anasema hesabu ni shahidi, na shahidi haitwi mahakamani kabla hamjajua kesi inahusu nini.

Siku moja nilikaa nyuma ya darasa lake kujifunza. Alitoa swali jepesi: sisimizi amesimama sentimita kumi na tano kutoka kwenye lenzi, na umbali wa fokasi ya lenzi hiyo, yaani mpaka pale miale inapokutana, ni sentimita kumi. Mwanafunzi mmoja, Ezekieli, akaenda ubaoni kwa mbwembwe. Akaandika moja ya kumi, akatoa moja ya kumi na tano, akapata moja ya thelathini, akapiga mstari chini yake mara mbili, akasema huo ndio umbali wa taswira. Akagawanya kwa kumi na tano, akapata ukuzaji wa moja ya mia nne na hamsini.

Mwalimu Bonifasi akaacha mluzi. Akainama, akaanza kutafuta kitu sakafuni, chini ya madawati.

"Mwalimu umeangusha nini?" wakamuuliza.

"Namtafuta sisimizi wa Ezekieli. Mmekuwa mkimwona wote, sasa kamfanya mdogo mara mia nne na hamsini. Maskini, hata mama yake hamwoni."

Darasa zima likaanguka kwa kicheko, Ezekieli naye akicheka. Alikuwa amesahau kuigeuza ile sehemu, kosa ambalo mtaliona kila mwaka mpaka mstaafu. Moja ya thelathini si jibu, ikigeuzwa ni thelathini. Thelathini kwa kumi na tano ni mbili. Sisimizi amekua maradufu, tena amepinduka miguu juu. Kama Ezekieli angebashiri kwanza kwamba taswira itakuwa kubwa, lile jibu lingemshtua mwenyewe kabla halijatuchekesha sisi.

Sasa niwaambie habari ya Raya, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nikae chini niandike.

Raya alikuwa mtoto wa Pemba. Baba yake, Mzee Hamad, alikuwa na mikarafuu upande wa Wete, akamleta mwanawe Tanga aishi kwa shangazi yake Ngamiani na asome kwetu. Alikuwa msichana mkimya, mwenye mwandiko wa kupendeza, na jicho lake la kushoto halikuwa likiona. Lilikuwa limefunga tangu utotoni. Alikuwa anakaa dawati la mwisho kabisa upande wa kushoto, ukutani, ili darasa lote liwe kulia kwake. Mtandio wake aliuvuta kidogo upande huo. Wenzake walishazoea, hawakumsumbua.

Kwa hesabu alikuwa moto. Maswali ya lenzi alikuwa ananiletea yamekwisha kabla sijafika nyuma ya darasa. Lakini siku za maabara alikuwa anaumwa. Leo tumbo, kesho kichwa. Mimi nikidhani ni yale mambo ya wasichana.

Kwetu mwisho wa kidato cha pili mwanafunzi anachagua: ama aendelee na fizikia na kemia, ama aziache. Raya akanifuata ofisini. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ingia."

Hakuingia. "Nimekuja kukuaga. Fizikia naiacha."

"Kwa lipi? Wewe ndiye wa kwanza darasani."

"Wa kwanza kwenye daftari, mwalimu. Kule maabara kuna kutazama. Watu wana macho mawili na taswira hawaioni, sembuse mimi? Na mwalimu wa taaluma ameniambia nisijitese, nichukue masomo ya sanaa."

Yule mwalimu wa taaluma hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa huruma. Huruma nayo, wanangu, ina namna yake ya kumfungia mtu mlango huku inampapasa kichwa. Nilimwomba Raya asijaze fomu ya kuchagua masomo mpaka nimwite. Nikaenda kwa Mwalimu Bonifasi, nikamweleza.

Alikuwa anakula muhogo. Akautafuna mpaka ukaisha, ndipo akaniuliza, "Mwalimu Elisifa, wewe ukitafuta taswira kwa pini, unatazama kwa macho mangapi?"

Nilikuwa nimeifanya kazi ile mara nyingi na sikuwahi kujiuliza.

Kwa wale ambao hamjaifanya, au mmeifanya mkasahau, iko hivi. Unasimamisha pini upande mmoja wa lenzi. Upande wa pili, hewani, kuna taswira ya pini hiyo, imepinduka. Huwezi kuishika. Unachukua pini nyingine, unaisimamisha mpaka ncha yake iguse ncha ya taswira. Lakini kugusana huko kunaweza kuwa uongo, moja iko mbele na nyingine nyuma. Utajuaje? Unasogeza kichwa kushoto, kulia. Zikiachana, haziko mahali pamoja. Unasogeza pini, unajaribu tena. Zikienda pamoja kama watu walioshikana mikono, hapo ndipo taswira ilipo. Pima. Na kazi hiyo yote hufanywa jicho moja limefumbwa, kwa sababu ukiyafumbua yote mawili kila moja linakuletea habari zake na unachanganyikiwa. Jaribuni sasa hivi kwa vidole viwili, kimoja mbele ya kingine, mtaona.

Juma lililofuata niliwapeleka wote maabara. Raya nilimfuata mwenyewe darasani, nikamwambia leo hata ukiumwa tutakubeba. Sikusema neno lolote juu yake mbele ya wenzake. Nilisema tu, "Kila mmoja afumbe jicho moja, atakalo."

Ilikuwa vurugu. Kumbe kufumba jicho moja ni ufundi. Ezekieli, yule wa sisimizi, sasa akiwa darasani kwangu, kila akifumba la kulia na la kushoto linafuata. Wengine wakajiziba kwa viganja, wakakosa mkono wa kusogezea pini. Wasichana wawili wakafungana leso kama wanaocheza kibe, ule mchezo wa kufumbana macho na kutafutana. Kelele, vicheko, pini zinaanguka.

Katikati ya zogo lile nikasikia sauti kutoka meza ya ukutani.

"Mwalimu, zimeshikana."

Nikaenda. Nikainama, nikafumba jicho langu, nikasogeza kichwa kushoto na kulia. Pini na taswira zilikwenda pamoja, hazikuachana hata kwa unywele. Kitu kilikuwa sentimita thelathini kutoka kwenye lenzi, taswira kumi na tano.

"Ulibashiri nini kabla?" nikamuuliza.

"Ndogo, iliyopinduka."

"Na ukuzaji?"

"Nusu." Kisha akaweka mkono mdomoni, kana kwamba neno lile limemtoroka. Alikuwa anatabasamu. Sikuwahi kuyaona meno yake kabla ya siku ile.

Wenzake wakaanza kumfuata. "Raya, njoo kwetu kidogo." "Raya, na kwetu." Akawa anakwenda meza hadi meza, anainama, anasema, "Bado, sogeza nyuma. Bado. Hapo hapo." Ule mtandio aliokuwa akiuvuta upande mmoja ulimteleza mabegani na hakuurudisha.

Basi nikadhani yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha.

Haukupita muda Mzee Hamad akavuka kutoka Pemba. Shangazi mtu alikuwa amempelekea habari kwamba mwanawe anataka kuendelea na mambo ya maabara. Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya ofisi ya mkuu wa shule, kofia kichwani, mikono magotini. Raya alisimama kando yake, ameinamisha uso. Tulisalimiana, akaulizia hali za nyumbani kwangu, nami za kwake, kama inavyopasa. Kisha akasema:

"Mwalimu, miye sikuja kugombana. Nimekuja kuomba. Siku ile nilikuwa juu ya mkarafuu, mtoto huyu chini anaokota. Tawi likakatika. Nikasikia kilio. Nilivyoshuka, mpaka leo sijui nilishukaje." Akamtazama Raya. "Mungu kamwachia moja. Hilo moja, mlinzi wake ni miye. Humo ndani naambiwa mna tindikali, mna moto, mna vioo. Nikikubali, kisha nikaja nikaitwa mara ya pili..."

Hakuimaliza sentensi. Ningemwambia nini? Kwamba maabara haina hatari? Ingekuwa uongo. Ningemwambia mtoto ana akili? Alijua. Nikasema tu, "Mzee, karibu uone anachokifanya. Ukishaona, utakalosema ndilo."

Tukaingia maabara, sisi watatu. Raya akamwekea lenzi, akamsimamishia pini. Mzee Hamad akainama, akatazama. Akakunja uso.

"Naona pini mbili, tatu... sijui ngapi. Zanichezea."

"Fumba jicho moja, baba," Raya akasema.

Akafumba la kushoto. Akatulia. Raya akamwonyesha namna ya kusogeza kichwa, akamshika kiwiko taratibu, kushoto, kulia. "Zikiachana niambie. Sasa nasogeza. Sasa?"

"Zaachana."

"Sasa?"

"Zaachana kidogo."

"Sasa?"

Mzee akasogeza kichwa mara nyingi. "Zaenda pamoja," akasema polepole. "Zaenda pamoja, mwanangu."

Raya akapima, akapiga hesabu kwenye kipande cha karatasi, akamweleza babake: taswira ni kubwa mara mbili ya pini, na imepinduka, na hivi ndivyo tunavyojua bila hata kuigusa. Nilidhani mzee atainuka akitabasamu. Aliinuka, lakini lile jicho hakulifumbua. Akaenda dirishani hivyo hivyo, akatazama uwanja. Akarudi. Akanyoosha mkono kuchukua boksi la lenzi mezani, vidole vikafunga hewani, karibu na boksi lakini si penyewe. Akajaribu tena. Akagonga kona ya meza kwa nyonga.

Akakaa kwenye stuli.

"Raya. Kumbe la mbali na la karibu hayaonekani mbalimbali."

"Huzoeleka, baba."

"Ndo maana kule nyumbani ukishuka ngazi washika ukuta."

"Ndiyo, baba."

"Nami nikikwambia una woga." Akalifumbua jicho, nalo lilikuwa limejaa machozi. "Mbona hukunambia, mwanangu?"

"Hukuniuliza, baba. Na miye nilidhani wajua."

Nikatoka nje. Yapo ya baba na mtoto ambayo mwalimu hana kazi nayo. Nilisimama ukumbini nikajifanya nasoma matangazo.

Walipotoka, Mzee Hamad aliniuliza swali moja tu: "Mna miwani ya kumkinga?" Hatukuwa nayo. Nilimwambia ukweli. Akaitika kwa kichwa, akaaga.

Asubuhi ya pili nilimkuta getini kabla ya kengele. Alikuwa ametoka Ngamiani, kwa fundi wa milango ya chuma, na mkononi ana miwani ya plastiki nyeupe, ile wanayovaa mafundi wakati wa kukwangua vyuma cheche zisiwaingie. Alikuwa nayo miwili.

"Moja ya Raya," akasema. "Na hii ya mwenziwe yeyote atakayekuwa karibu naye. Asivae peke yake akachekwa."

Raya hakuvaa peke yake. Ezekieli aliinyakua ile ya pili siku hiyo hiyo, akatembea nayo shuleni kutwa nzima akijiita rubani. Wengine wakaona wivu, nao wakaanza kuhangaika kutafuta yao. Mkuu wa shule alipoona hivyo akanunua ya kutosha, na kuanzia hapo hakuna aliyeingia maabara yetu macho wazi. Wanangu, msisubiri mtoto mwenye jicho moja ndipo mkumbuke kuwakinga wenye mawili. Sisi tulisubiri.

Mtataka kujua mtihani wake wa vitendo wa kidato cha nne ulikuwaje. Tulijiandaa kwa lenzi mpaka Raya akawa anaota pini. Siku yenyewe tukafungua, lenzi hamna: bembea la uzi na jiwe, na waya wa umeme. Alipotoka nilimkimbilia nikidhani analia. Alikuwa anacheka. "Mwalimu, jiwe linakwenda na kurudi, hata ukifumba yote mawili utalihesabu." Akafaulu. Mwalimu Bonifasi, aliyekuwa ameshastaafu amerudi Muheza, nilimpelekea habari mwenyewe. Alipiga mluzi ubeti mzima kabla hajanijibu chochote.

Leo Raya ni mpima ardhi. Kile chombo chao cha miguu mitatu nacho hutazamwa kwa jicho moja, na ndani yake mna lenzi. Ananiambia kazi ya kwanza kila asubuhi ni kusogeza kichwa kushoto na kulia, kuhakikisha alama na taswira haziachani. Wapimaji wenzake huwa wamechoka kufumba jicho ifikapo saa sita mchana. Yeye hachoki.

Mwaka jana mimi nilipata mtoto wa jicho. Nikafanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza hapa Tanga, nikarudi nyumbani nimefungwa bandeji. Wanangu wa kuzaa wako mbali. Raya alikuwa anapima viwanja Pangani. Aliposikia aliomba ruhusa, akaja na begi lake, akakaa nami.

Asubuhi ya kwanza nilitaka kumwandalia chai, kwa maana mgeni ni mgeni hata kama ulimfundisha. Nikashika birika, nikalenga kikombe vizuri kabisa, nikamimina. Chai yote ikaenda kwenye kitambaa cha meza. Nikajaribu tena, ikaenda kwenye sahani ya vitumbua. Miaka yote ile nikifundisha mbali na karibu, na kikombe kilicho mbele yangu kimenishinda. Nikaweka birika chini, nikageuza uso ukutani ili asinione.

Raya hakusema pole. Alivuta kiti, akakaa upande wangu. Akaweka mkono wake juu ya wangu, akaliinua birika pamoja nami, akalisogeza taratibu mpaka nikasikia mdomo wa birika umegonga ukingo wa kikombe.

"Acha liguse kwanza, mwalimu," akasema. "Likigusa, ndipo umimine."

Nikamimina. Kikombe kikajaa, halikumwagika tone. Akauondoa mkono wake, akasogeza kikombe chake mbele yangu.

"Haya. Sasa nimiminie na mimi."